Mganga Akikosea Mara Tatu, Je, Ni Uzembe?

(Haya ni maandishi ya mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.)



Juma hili nataka tuzungumze juu ya swali ambalo wazazi wengi wamewahi kujiuliza wakiwa kwenye benchi la zahanati, mtoto mapajani na daftari la matibabu mkononi. Mtoto anatokwa na vipele. Anapelekwa kwa mganga mara ya kwanza, wanaambiwa ni aleji. Mara ya pili wanaambiwa ni fangasi. Mara ya tatu wanaambiwa ni joto tu, yataisha yenyewe. Hatimaye inagundulika kwamba haikuwa lolote kati ya hayo. Je, waliomtibu mtoto huyu wamekosea tu kama binadamu, au wamefanya uzembe ambao sheria inaweza kuwadai majibu?

Wahenga wetu wametuachia msemo kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mzazi mwenye hasira huushika msemo huo na kusema: "Mara moja ningesamehe, lakini mara tatu? Huo ni uzembe mtupu." Hasira yake inaeleweka. Lakini sheria, ndugu wasikilizaji, haihesabu makosa kwa namna hiyo, na ni vizuri tuelewe inayahesabu namna gani kabla mtu hajakimbilia mahakamani na kabla mwingine hajakata tamaa bure.

Tuwachukue watoto wawili wa mfano. Hawa ni watoto wa kufikirika, lakini nadhani kila msikilizaji atawatambua.

Mtoto wa kwanza ana miaka mitatu. Analala chumba kimoja na wazazi wake na ndugu zake wawili. Ametokwa na vipele vidogo vidogo katikati ya vidole, kwenye viwiko na kiunoni, na usiku hajikuni tu, bali analia. Mama anampeleka kituoni. Foleni ni ndefu. Mganga anamtazama mtoto kwa mbali, hamvui hata shati, anaandika dawa ya aleji na krimu ya kupunguza muwasho. Siku chache mtoto anapata nafuu, kisha vipele vinarudi kwa kishindo. Mama anarudi, anapewa krimu ile ile. Anarudi tena, anapewa krimu yenye nguvu zaidi. Miezi minne inapita. Siku moja muuguzi aliyekuwa akichoma sindano pembeni anauliza swali moja tu: "Mama, nyumbani kuna mwingine anayejikuna?" Mama anajibu: "Tunajikuna wote, dada." Basi, ugonjwa ukajulikana pale pale. Ulikuwa upele wenyewe, ule unaoletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, ambaye jike lake huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo.

Mtoto wa pili ni msichana wa miaka tisa. Mkononi ana baka lililopauka kidogo kuliko ngozi yake. Haliwashi, haliumi. Anaambiwa ni mashilingi, anapewa dawa ya fangasi. Baka halitoki. Anapewa dawa ya fangasi tena, na tena, kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Siku moja nyumbani anashika sufuria ya moto, ngozi inaungua, naye hana habari. Ndipo wazazi wanapogundua kwamba vidole vyake viwili vya mwisho vimeanza kukunjika na havinyooki. Huyu alikuwa na ukoma, na katika miezi yote kumi na minane hakuna mtu aliyechukua kipande cha pamba akamgusa nacho juu ya baka lile na kumuuliza kama anahisi.

Kabla hatujawahukumu waganga, tuwatendee haki. Ngozi ya binadamu haina lugha nyingi. Inaweza kuwasha, kuvimba, kubadilika rangi, kutoa maji au kupasuka, na magonjwa mengi hugawana dalili hizo hizo. Hata lugha yetu inakiri jambo hilo: neno upele twalitumia kwa ugonjwa mmoja maalumu, na papo hapo twalitumia kwa kila kinachochomoza mwilini. Isitoshe, vitabu vingi vya udaktari vilichapishwa na picha za ngozi nyeupe, ambapo wekundu huonekana waziwazi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu ule hujificha. Na mtu anapoambukizwa upele kwa mara ya kwanza, muwasho unaweza kuchelewa majuma manne hadi sita. Kwa ukoma, muda kati ya kuambukizwa na kuona dalili ni kama miaka mitano kwa wastani. Kwa hiyo mganga mwema, aliyefanya kazi yake vizuri, bado anaweza kukosea.

Wataalamu wa ngozi nao ni wachache. Ndiyo maana kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, kilianzishwa mwaka 1992 kituo cha kanda cha kufundisha utabibu wa ngozi, ambacho kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Na ni mwaka 2017 tu Shirika la Afya Duniani lilipouingiza upele katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Ugonjwa unaowakuna watu tangu enzi na enzi ulikuwa haujapata hata heshima ya kuorodheshwa.

Sasa tuje kwenye sheria.

Anayedai kwamba ametendewa uzembe na mganga hana budi kuthibitisha mambo manne. La kwanza, kwamba mganga alikuwa na wajibu wa kumhudumia. Hili si gumu. Ukishapokelewa na kuandikiwa, wajibu umekuwapo. La pili, kwamba mganga alishindwa kufikia kiwango cha uangalifu kinachotakiwa. La tatu, kwamba mgonjwa amepata madhara. La nne, kwamba madhara hayo yametokana na kushindwa kule, si na kitu kingine. Likikosekana moja, kesi imeanguka.

Kiwango cha uangalifu ni kipi? Hapa mahakama zetu, zilizorithi mfumo wa sheria za Kiingereza, hupenda kutazama kesi ya Bolam ya mwaka 1957. Maamuzi ya Uingereza ya miaka hiyo hayawafungi majaji wetu, lakini yana uzito wa ushawishi. Katika kesi ile, mgonjwa alivunjika mifupa wakati akitibiwa kwa umeme katika hospitali ya magonjwa ya akili, bila kupewa dawa ya kulegeza misuli. Alishindwa. Jaji aliwaeleza wazee wa baraza kwamba daktari hawezi kuitwa mzembe iwapo alifuata utaratibu unaokubaliwa kuwa sahihi na kundi la madaktari makini wa fani yake, hata kama wako madaktari wengine ambao wangefanya vingine. Lakini miaka arobaini baadaye, mwaka 1997, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza katika kesi ya Bolitho iliongeza jambo kubwa: haitoshi madaktari wenzake kuja kusema "na sisi hufanya hivyo hivyo". Utaratibu wenyewe lazima uwe na mantiki inayoweza kusimama mbele ya jaji.

Kwa hiyo swali la mahakama si "Mganga alikosea mara ngapi?" Swali ni "Kila alipomwona mtoto, alifanya yale ambayo mganga makini wa ngazi yake angeyafanya?" Mganga anaweza kukosea mara tatu kwa uangalifu wote na asiwe mzembe. Na anaweza kukosea mara moja tu, kwa kutomtazama mgonjwa kabisa, akawa mzembe.

Je, basi wahenga walituongopea? La hasha. Kurudia kosa kuna maana kubwa, ila maana yake ni hii: dawa isiyofanya kazi ni habari. Mtoto anapokuja mara ya kwanza, mganga hana anachokijua ila anachokiona na anachoambiwa. Mtoto huyo huyo anaporudi mara ya pili, amekuja na ushahidi mpya kwamba dhana ya kwanza huenda si sahihi. Mara ya tatu ushahidi huo unapiga kelele. Mganga makini huusikiliza. Humvua mtoto nguo na kumkagua upya, huuliza maswali ambayo hakuuliza, hufikiria ugonjwa mwingine, huagiza kipimo, au humwandikia rufaa kwenda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hata ya mkoa. Anayeandika dawa ile ile kwa kunakili ukurasa uliotangulia ameacha kutibu. Sasa anafanya kazi ya karani. Hapo ndipo kosa linapoanza kugeuka kuwa uzembe.

Turudi kwa watoto wetu wawili tuwapime kwa mizani hiyo.

Kwa mtoto wa miaka mitatu, mwenendo wa mganga ni mbaya. Kuuliza kama wengine nyumbani wanajikuna, na kama muwasho huzidi usiku, ni maswali ya darasani. Krimu zile za kupunguza muwasho hufunika dalili huku mdudu akiendelea kustawi. Lakini madhara yako wapi? Mtoto akipakwa dawa sahihi, na watu wote wa nyumba wakapakwa siku hiyo hiyo, nguo na mashuka yakafuliwa, hupona. Kilichopotea ni usingizi wa miezi minne, nauli, fedha za krimu na machozi. Hayo si madogo, na sheria inayatambua, lakini fidia yake huenda isilipe hata gharama za kuendesha kesi. Ingekuwa vingine kama vidonda vya kujikuna vingeingiwa na vijidudu, kisha figo zikadhurika, jambo ambalo hutokea kwa baadhi ya watoto. Hapo mwenendo ule ule mmoja ungezaa kesi nzito.

Kwa msichana wa miaka tisa mambo ni tofauti kabisa. Mashilingi kwa kawaida huwasha, huwa na magamba, na ukingo wake huinuka. Baka lisilowasha, lililopauka, lisilohisi kuguswa, ni dalili ambayo kila mganga katika nchi yenye ukoma anatakiwa kuitambua. Kipimo chake cha kwanza ni kipande cha pamba, kitu kisichohitaji umeme, maabara wala fedha za wafadhili. Dawa za ukoma ni bure. Shirika la Afya Duniani limekuwa likizitoa bila malipo tangu mwaka 1995. Tiba ni ya miezi sita kwa mgonjwa mwenye mabaka machache, na miezi kumi na miwili kwa mwenye mengi. Neva iliyoanza kudhurika karibuni, chini ya miezi sita, inaweza kuokolewa kwa dawa. Baada ya hapo matumaini hupungua sana. Binti huyu alipotezewa miezi kumi na minane. Tatizo lake linafika mbali kuliko kukosa usingizi: ni mkono atakaoandikia, kupikia na kufanyia kazi maisha yake yote.

Hata hivyo wakili wa hospitali atasimama na kuuliza swali la nne: je, angepewa dawa mapema, vidole vingepona? Usilidharau swali hilo. Miaka ya 1960 kule London, walinzi watatu wa usiku walikunywa chai wakaanza kutapika. Walikwenda hospitali, na daktari wa zamu, bila kuwaona, akatuma ujumbe kwa simu kwamba waende nyumbani wakawaone madaktari wao. Mmoja alikufa saa chache baadaye. Chai ile ilikuwa na sumu. Mahakama ilikubali kwamba daktari alizembea. Lakini mjane alishindwa kesi, kwa sababu ilithibitika kwamba hata kama marehemu angelazwa, dawa isingeweza kumfikia kwa wakati wa kumwokoa. Uzembe ulikuwapo, kifo kilikuwapo, lakini kamba ya kuviunganisha haikuwapo. Kwa binti yetu, kamba hiyo ipo iwapo daftari litaonyesha kwamba alipofika mara ya kwanza vidole vyake vilikuwa vizima.

Sasa wapo watakaosema: "Yule hakuwa daktari, alikuwa tabibu wa zahanati. Utamdai nini?" Sheria ina jibu. Katika kesi ya Wilsher, mahakama ya rufaa ya Uingereza mwaka 1986 ilikataa utetezi wa ugeni kazini. Anayekalia kiti hupimwa kwa kiti alichokalia. Lakini mahakama hiyo hiyo ikasema kwamba mgeni anayemwita mkubwa wake ili amwangalizie kazi, mara nyingi atakuwa ametimiza wajibu. Kwa hiyo hakuna anayemtaka tabibu wa zahanati ajue anayoyajua bingwa wa Muhimbili. Anatakiwa kujua pale ujuzi wake unapokomea, na kuandika rufaa. Kusema "hili sijalielewa, nenda mbele" hakumshushii hadhi mganga. Kunamlinda mgonjwa, na kunamlinda yeye mwenyewe.

Na tusiwasahau wazazi. Wengi wetu tukiona dawa haikusaidia haturudi pale pale. Tunakwenda kwa mwingine, kisha duka la dawa, kisha kwa jirani mwenye krimu iliyomponya mwanawe, na kila mahali tunaanza upya kama kwamba ndiyo siku ya kwanza. Daftari la awali limetupwa, au limefungiwa maandazi. Hapo waganga wanne wamekosea mara moja moja, na hakuna hata mmoja aliyepata ile habari kwamba dawa ya mwenzake ilishindwa. Nani mzembe? Ni vigumu mno kumpata. Mganga ana wajibu wa kuuliza, "Umeshatumia dawa gani?" Nasi tuna wajibu wa kujibu ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba tulipitia kwanza kwa mganga wa kienyeji. Mficha uchi hazai.

Basi mzazi afanye nini?

Kwanza, alitunze daftari la mtoto kama anavyotunza cheti cha kuzaliwa, na aende na daftari lile lile kila mahali. Aandike tarehe vipele vilipoanza, na ahifadhi makasha ya dawa zilizotumika. Kama ana simu ya kupiga picha, apige picha ya vipele kila juma. Pili, asiogope kuuliza maswali matatu: "Daktari, unadhani huu ni ugonjwa gani? Unaweza kuwa ugonjwa gani mwingine? Nikimaliza dawa asipopona, nifanye nini?" Kuuliza si ujinga. Tatu, asipopona baada ya dawa ya pili, aombe rufaa kwa adabu na kwa msimamo.

Yakishatokea ya kutokea, mahakama si mlango pekee. Mlango wa kwanza ni mkuu wa kituo chenyewe. Mlango wa pili ni Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo chini ya sheria ya mwaka 2017 lina mamlaka ya kuchunguza mwenendo wa madaktari na kuwachukulia hatua za nidhamu. Wauguzi wana baraza lao, na wafamasia lao. Baraza linaweza kumwonya au kumzuia mtu asiendelee na kazi. Fidia ni kazi ya mahakama. Kwa anayekwenda mahakamani, ajue kwamba madai ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu. Kwa mtoto muda huo huanza kuhesabiwa anapofikisha miaka 18, lakini si busara kungoja, kwa kuwa mashahidi huhama na mafaili hupotea. Mzazi anaweza kufungua kesi kwa niaba ya mtoto. Na kama kituo ni cha Serikali, lazima kwanza itolewe taarifa ya siku 90. Atahitaji pia daktari mwingine wa kutoa ushahidi, na hapo ndipo kesi nyingi hukwama, maana si rahisi ndege kumsema ndege mwenzake.

Ndugu wasikilizaji, wako watakaodai kwamba mazungumzo ya namna hii yanawatia waganga hofu, na kwamba mganga mmoja mwenye wagonjwa mia nje ya mlango hawezi kumvua kila mtoto shati. Nakiri kwamba foleni ni ndefu na mishahara haitoshi, na anayepanga kituo kiwe na mganga mmoja naye anastahili kuulizwa. Lakini hesabu yenyewe inawakataa. Mtoto aliyekaguliwa vizuri mara moja amechukua nafasi moja kwenye foleni. Aliyetazamwa kwa mbali amechukua nafasi nne, na bado hajapona. Uangalifu haurefushi foleni. Uzembe ndio unaoirefusha.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili. Kukosea ugonjwa wa ngozi ya mtoto, hata mara mbili tatu, peke yake si uzembe mbele ya sheria. Kukataa kujifunza kutokana na kosa la kwanza, huku mtoto akidhurika mbele ya macho yako, ni uzembe. Na mpaka kati ya hayo mawili mara nyingi hauhitaji mitambo mikubwa kuuona. Unapita kwenye swali moja la muuguzi, na kwenye kipande kimoja cha pamba.

Kwa leo naomba kuishia hapo. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.